Sumu Isiyotiwa na Mtu

Eulalie Cibalonza hakujua kunong'ona. Alizaliwa Kalehe, katika nyumba iliyokaa mlimani juu ya ziwa, ambako mtoto akitumwa kumwita baba aliye chini kwenye maji hachoshi miguu, anapaza sauti tu. Sauti hiyo aliolewa nayo hadi Bukavu. Kwenye mgahawa wake nyuma ya soko la Kadutu, hata mteja wa benchi la mwisho alijua bila kuinua shingo kilichoiva, majani ya mihogo au visamaki vya ziwani.

"Sombe iko tayari! Maharagi bado kidogo! Mwenye haraka achukue sambaza!"

Lakini kilichowaleta watu ni mchuzi wake wa karanga, mzito, wenye pilipili, uliomwagwa juu ya mboga ya lengalenga na kuliwa na bugali ya mahindi. Wapakiaji wa magari waliula, walimu waliula, na Jumapili wanakwaya walitoka kanisani bado wamevaa kanzu zao na kuja kuula. Karanga hizo Eulalie hakuzinunua. Zilitoka Walungu, kwenye mashamba ya wakwe zake. Kila baada ya mavuno Adolphine, dada mkubwa wa mume wake, aliyebaki huko juu na mama yao mzee, alipakia magunia ya karanga na mahindi kwenye basi dogo, nayo yakashuka mjini.

Baba mkwe wake, Muzee Polycarpe, naye alishuka hivyo hivyo siku moja, kwa basi, akiwa amekonda mwili huku tumbo limemjaa. Alikaa mwaka mmoja nyumbani kwa Eulalie na mumewe Gentil, pale mtaa wa Bagira. Eulalie alimpikia, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Macho ya mzee yaligeuka manjano, tumbo likawa kama ngoma, akafariki. Hospitali walikuwa wamempeleka akiwa amechelewa sana, na hakuna aliyeelewa vizuri alichokuwa anaumwa. Majirani waliokuja kwenye msiba walilitamka neno moja, wakiangalia kando: karuho. Hilo ndilo jina la sumu ambayo watu wa Bukavu huamini kwamba mwenye wivu anaweza kuificha chini ya ukucha na kuidondosha katika kikombe au sahani ya mwenzake. Mtu akivimba tumbo, akiwa mwembamba ghafla, akitapika, wengi hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza ni nani.

Safari hiyo hawakumpata wa kumnyooshea kidole. Mzee alikuwa mzee, wakamzika.

Halafu akafuata Philémon.

Philémon alikuwa kaka yake Gentil, fundi wa nguo, mtu mpole aliyefiwa na mke na kuzoea kula kila siku kwenye mgahawa wa shemeji yake. Hakuwa mzee. Mkanda wa suruali yake ulianza kuingia tundu jipya, kisha tundu jingine, kisha akatoboa lake mwenyewe. Upande wa kulia, chini ya mbavu, alisikia uzito kama amelalia jiwe. Siku Eulalie alipoona macho yake mchana kweupe, mlangoni mwa mgahawa, alishusha mwiko. Rangi ile aliijua.

Wiki hiyo hiyo Adolphine alishuka kutoka Walungu bila gunia hata moja. Jumapili, baada ya misa, ukoo ulikusanyika sebuleni kwa Gentil. Tonton Ezéchiel, mdogo wa marehemu Polycarpe, ndiye aliyeongoza kikao. Philémon aliketishwa kwenye kochi, amefunikwa shuka ingawa hakukuwa na baridi. Eulalie alipewa kiti katikati, peke yake, na hapo akaelewa kabla neno halijasemwa.

Adolphine hakuzunguka. "Papa alikula kwake, akakufa. Philémon anakula kwake, na muone vile iko. Sasa munataka nani aseme? Mimi nasema. Huyu mwanamuke aende kwa muganga, akunywe dawa mbele yetu. Kama iko safi, tutajua. Kama haiko safi, pia tutajua."

Eulalie alimtazama mumewe. Gentil aliangalia viatu vyake.

Kimya kile kilimchoma kuliko maneno ya Adolphine. Mwanamke aliyeitwa mtia sumu mtaani hubaki na jina hilo. Wateja hupungua, watoto hutengwa shuleni, na kuna waliowahi kufukuzwa kwa mawe. Eulalie alilijua hilo. Aliweka mikono juu ya magoti, akasema kwa sauti yake ile ile ya kutangaza maharagi:

"Sitakunywa dawa ya mutu. Sikuua mutu. Kesho asubuhi nitapeleka Philémon ku hospitali, na weye Adolphine utaenda na mimi. Utakaa karibu yangu, utasikia na masikio yako kile dokta atasema. Ukisikia nimedanganya, rudia hapa, useme."

"Na kama dokta hajui karuho?" aliuliza Tonton Ezéchiel.

"Basi atatuambia kile anajua, Tonton."

Hapo Philémon, ambaye hakuna aliyemuuliza lolote, alijisukuma na kukaa wima. "Shemeki," akasema, "chakula changu iko wapi?"

Chumba kizima kiligeuka. Eulalie aliinuka, akaenda jikoni, akamletea sahani ya bugali na maharagi. Philémon alinawa na kula mbele ya ukoo wote, polepole, tonge baada ya tonge, ingawa kila mtu aliona kwamba hana hamu hata kidogo. Alipomaliza hakuna aliyetaja tena dawa ya kunywa siku hiyo.

Jioni Gentil alimfuata mkewe uani. "Nilikuwa na haya," alisema.

"Haya ya nini? Ya mimi?"

"Ya kubishana na dada yangu mbele ya watu."

"Mara nyingine bishana," Eulalie akamjibu, akaendelea kuosha sufuria. Hakulia. Alikwisha kuamua kwamba machozi yake hayatakuwa ushahidi wa mtu yeyote.

Hospitalini walipokelewa na Dokta Priscille, mwanamke mfupi wa miwani, Mushi wa kabila lao, aliyesalimia kwa Kimashi kabla ya kurudi kwenye Kiswahili na Kifaransa. Alimlaza Philémon, akampaka jeli tumboni, akapitisha mashine ya ekografia ya kutazama ndani ya mwili. Akarudia. Akaagiza damu itolewe na picha nyingine zipigwe. Walirudi mara kadhaa, Philémon akamweleza Dokta habari za marehemu baba yake na za karuho, na kila mara Eulalie na Adolphine waliketi benchi moja, bega kwa bega, bila kusemezana.

Siku ya majibu Philémon mwenyewe aliomba wanawake wale wawili waingie naye. Dokta hakuficha. Ilikuwa kansa ya ini, imekwisha kuenea. Kuikata haiwezekani tena. Wangempunguzia maumivu, wangemtoa maji tumboni, wangekuwa naye.

Philémon alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa vipimo vya suruali. Adolphine ndiye aliyeuliza.

"Nani alimupatia?"

Dokta Priscille hakucheka wala kukasirika. Ni wazi swali hilo halikuwa geni chumbani mwake. Alivuta kiti, akakaa karibu nao.

"Kule kwenu munakula nini, Mama?"

"Kile watu wote wanakula. Bugali ya mahindi, ya mihogo. Maharagi. Karanga."

"Mahindi na karanga munakaushia wapi?"

"Chini. Mbele ya nyumba."

"Mvua ikikuta?"

"Tunaingiza ndani, tunatia mu magunia. Jua ikirudia, tunatosha tena inje."

"Na zile zenye kuoza, zenye kuota ukungu?"

Adolphine alishangaa kuulizwa jambo la wazi hivyo. "Za muzuri tunauza ku soko. Zile zenye kunyauka, zenye ukungu, tunabakia nazo. Ya sisi wenyewe. Tunasaga, tunatia mu mboga. Mahindi yenye kuharibika tunafanya uji, ile bouillie, ingine pombe. Chakula haitupwe, Dokta."

"Mama yangu alifanya vilevile," alisema Dokta. "Sikilizeni sasa. Ukungu fulani ukiota juu ya karanga ao mahindi, unaleta sumu. Mulisema sumu, na iko kweli sumu. Lakini hakuna mutu aliyeitia. Haiue leo wala kesho. Mutu anaikula kidogo kidogo tangu utoto, miaka na miaka, na ini yake ndiyo inapambana nayo. Kisha kuko virusi ya hepatiti B, yenye iko mu damu ya watu wengi huku, na wengi hawajui. Virusi peke yake inaumiza ini. Ukungu peke yake unaumiza ini. Vikikutana mu mwili moja, hatari inapanda zaidi sana. Tena ukiongeza kanyanga, ile pombe kali, ya kila siku, inapanda zaidi."

Aliinua karatasi ya majibu ya damu. Philémon alikuwa na virusi hivyo.

"Kwa hiyo karanga ndizo zimeniua?" aliuliza Philémon.

"Kwa mutu mumoja siwezi kuapa. Hakuna dokta atakayeapa. Lakini ukichukua watu elfu nyingi wenye kula chakula ya ukungu, na watu elfu nyingi wenye hawaile, kansa ya ini itapiga hesabu kubwa upande wa kwanza. Hiyo tunajua. Papa yenu alikula hii chakula maisha yake yote kule Walungu. Mwaka moja ya Bagira haikuanzisha hii ugonjwa. Kansa ya ini haianze jana."

Eulalie alipaswa kufurahi. Alikuwa amesafishwa mbele ya mshtaki wake, na mtu wa elimu, mchana. Badala yake akili yake ilikuwa imekimbilia Kadutu, kwenye sufuria yake. Magunia yaliyoshuka kwa basi kuja kwa ndugu yalikuwa ya zile karanga za kubaki nyumbani. Alizipokea hivyo siku zote. Alitoa zilizokuwa nyeusi kabisa, nyingine akazikaanga, akazisaga, na pilipili ikafunika uchungu. Aliwalisha wapakiaji, walimu, wanakwaya.

"Dokta," aliuliza, "na ukipika muda murefu? Ukikaanga vizuri?"

"Moto wa jikoni hauiwezi, Mama. Inapunguka kidogo tu. Ya lazima ni kukausha vizuri, kubagua, na kutupa."

Walipotoka, Philémon alibaki ndani kuchomwa sindano. Adolphine alitembea hadi mwisho wa ukumbi, akaketi sakafuni, ingawa benchi ilikuwepo.

"Basi ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nabagua. Mimi ndiye najaza yale magunia. Nilikushitaki weye, na mikono ni yangu."

Eulalie angeweza kumwacha pale. Alikuwa na haki, na kwa kitambo kidogo alitamani. Kiti kile cha katikati ya sebule bado kilikuwa kinamwuma mgongoni. Lakini alimwona mwanamke aliyezeeka kabla ya wakati kwa ajili ya kulima kwa niaba ya ndugu walioko mjini, asiyewahi kujiwekea karanga nzuri hata kiganja kimoja. Alikunja kitenge chake, akaketi sakafuni naye.

"Na mimi ndiye nasaga," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliongea kwa sauti ya chini. "Mama yako alibagua mbele yako, na mama yake mbele yake. Tutashitaki wafu wote, shemeki? Inuka. Philémon akitutafuta asitukute chini."

Kikao cha pili kilikuwa kizito kuliko cha kwanza. Eulalie alieleza alichosikia, Gentil akamsaidia pale alipokwama kwenye maneno ya damu na virusi, maana safari hii alikuwa amejifunza kila kitu kabla. Tonton Ezéchiel alisikiliza, akakuna kidevu, kisha akageuza macho taratibu kwa Adolphine.

"Kwa hiyo huyu ndiye alikuwa anatuletea..."

"Tonton," Eulalie alimkata, na kioo cha kabati kililia kwa sauti yake. "Kile kiti mulinikalisha, hakuna mutu mwingine atakikalia. Kama munatafuta mwenye makosa, muanze na wote wenye kula na kunyamaza. Mimi natafuta watoto watakula nini kesho."

"Mke wangu ameshasema," aliongeza Gentil. "Na mimi nasema pamoja naye." Hakuangalia viatu.

Philémon aliishi miezi michache tu. Mpaka karibu na mwisho aliletewa bouillie ya mtama na soya, na alipenda kutania kwamba siku ile ya kikao alikula sahani yote kwa sababu alijua Eulalie angemlazimisha kumaliza. Alifia Bagira, mchana, Adolphine akiwa amemshika mkono mmoja na Eulalie mwingine. Kwenye matanga, mtu mmoja alipoanza kunong'ona neno lile la zamani, Adolphine alisimama katikati ya wanawake na kusema kwa mdomo wake, kwa sauti, ndugu yake amekufa kwa ugonjwa gani.

Eulalie hakungoja machozi yakauke. Aliwapeleka ndugu wote wa mumewe kupimwa damu, mmoja mmoja, wengine akiwavuta kwa mkono. Gentil alikutwa na virusi. Alimwaga chupa ya kanyanga iliyokuwa nyuma ya kabati na kuanza kufuata miadi ya Dokta Priscille, kila mara damu na ekografia. Eulalie mwenyewe hakuwa navyo, akachanjwa. Watoto walikuwa wamechanjwa tangu uchanga, na alipoambiwa hivyo alishukuru foleni zote ndefu alizozilalamikia zamani.

Kisha akashika mgahawa. Asubuhi moja wateja walikuta hakuna mchuzi wa karanga. Eulalie alisimama mlangoni na kutangaza, kama alivyotangaza kila kitu, kwamba karanga zilizokuwepo zilikuwa na ukungu, kwamba alikuwa akizipika bila kujua, kwamba ametupa gunia zima, na kwamba mchuzi utarudi siku atakapopata karanga safi.

"Mama Eulalie, unataka kufunga biashara?" aliuliza mpakiaji mmoja.

"Nataka murudi hapa mukiwa wazee."

Wengine walihama, wakaenda kula kwingine. Yeye akaongeza sambaza za ziwani, maharagi, viazi vitamu, sombe bila karanga. Alinunua mahindi punje kwa punje, akinusa, akivunja, akiyaweka kwenye mwanga. Wauzaji wa soko la Kadutu walimwona akija wakaanza kuficha magunia mabaya nyuma. Baadhi yao, baada ya kumtukana sana, walianza kuuliza anatafuta nini hasa.

Kazi ngumu ilikuwa Walungu. Mama mkwe, kikongwe aliyekwisha kuzika mume na mwana, hakutaka kusikia habari ya kuchoma chakula.

"Tulikimbia vita tukakula majani," alisema. "Na weye unakuja kuniambia nichome mahindi?"

Eulalie alipiga magoti mbele yake. Hakutaja hesabu za dokta. "Mama, sitaki uchome mingi. Nataka tukaushe vizuri mupaka tusiwe na ya kuchoma."

Bibi alifikiri. Hilo aliweza kulielewa.

Adolphine ndiye aliyelichukua. Alinunua turubai, akajenga kichanja cha miti cha kuinua magunia yasiguse udongo, akakataza karanga mbichi kurundikwa ndani. Mbovu hazikwenda kwenye bouillie wala pombe, na kuku pia hawakupewa. Majirani walicheka kwanza. Kisha mmoja akaja kuazima turubai, na mwingine akaja kuuliza kwa nini karanga za Adolphine hazina ule uchungu wa koo.

Msimu uliofuata Eulalie alipanda basi kwenda kusaidia kuvuna. Karanga zilitandazwa uani juu ya turubai, nyekundu, zikilia zikitikiswa. Alasiri wingu lilipanda ghafla kutoka upande wa Kaziba, na matone ya kwanza yakapiga vumbi.

"Mvua!" alipiga kelele Eulalie, na mlima mzima ulimsikia.

Wanawake walitoka mashambani mbio. Adolphine alishika ncha moja ya turubai, Eulalie akashika nyingine, majirani wawili wakadaka katikati, wakaikunja juu ya karanga na kuikimbiza chini ya paa huku wakigongana na kucheka. Bibi, mlangoni, aliinama kwa taabu, akaokota punje iliyoanguka kwenye tope. Aliipangusa, akainusa. Halafu akaitupa mbali.